Mali bila Daftari: Sarafu za Kale na Wajibu wa Anayeziokota

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii aghalabu huelekezwa kwa wafanyabiashara. Katika makala haya nakusudia kuielekeza kwa watu wengine, yaani wale wanaookota sarafu za kale ardhini, ama kwa bahati ama kwa kuzisaka kwa kifaa. Nami ni mmoja wao, tena mwenye deni.

Nilipokuwa darasa la tano, katika kijiji kimoja cha mwambao kaskazini mwa Malindi, mvua ya masika ilimomonyoa ukingo wa njia ipitayo kando ya magofu. Mimi na wenzangu wawili tuliokota pale vipande vinne vya shaba, vidogo kama kucha ya kidole gumba, vyenye maandishi ya Kiarabu yaliyofifia. Jioni hiyo tulimuuzia mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Alivitia mizanini pamoja na misumari yenye kutu na sufuria iliyotoboka, akatupa shilingi kumi. Tulinunua mabuyu, tukala, tukasahau.

Leo siwezi kumwambia mtu yeyote zile zilikuwa sarafu gani. Huenda zilikuwa pesa za Sultani Barghash wa Unguja zilizotolewa mwaka 1882, ambazo zimejaa tele hata leo. Huenda zilikuwa za kale zaidi kwa karne tano au sita. Jibu liliyeyushwa katika tanuri pamoja na misumari. Kutokana na majuto hayo, nitaeleza hapa jinsi sarafu zinavyosakwa, jinsi wenzetu wa ng'ambo wanavyoshirikiana katika uraibu huo, na kwa nini sarafu isiyojulikana ilikotoka imekwisha kupoteza nusu ya maneno yake.

Kifaa na utendaji wake

Msomaji amewahi kukutana na kifaa hiki hata kama hakukijua kwa jina. Askari wa lango la duka kubwa humpapasa mteja kwa kijiti kinacholia kinapokaribia funguo. Kigunduzi cha metali cha msaka sarafu ni ndugu wa kijiti hicho, ila kina mpini mrefu na sahani ya duara inayopitishwa juu ya ardhi.

Ndani ya sahani hiyo mna koili za waya. Koili moja hupitishiwa umeme unaobadilika mwelekeo mara nyingi kwa sekunde, na hivyo kutandaza uga wa sumaku ardhini. Uga huo unapokutana na kipande cha metali, huamsha mikondo midogo ya umeme ndani yake. Mikondo hiyo nayo huunda uga wake mdogo, ambao hunaswa na koili ya pili na kugeuzwa mlio masikioni mwa msakaji. Kwa kuwa fedha, shaba na chuma hazijibu kwa namna moja, msakaji mzoefu huweza kubashiri kilichoko chini kabla ya kuchimba. Hata hivyo, ubashiri si ujuzi. Kifuniko cha soda kimewachimbisha wengi.

Aidha, kifaa hiki kina mipaka. Sarafu moja ndogo haisikiki ikiwa imezama zaidi ya sentimita 20 au 30 hivi. Mchanga wa pwani uliolowa maji ya chumvi hupitisha umeme, kwa hivyo huvichanganya vigunduzi vingi, na huhitaji vya aina maalumu.

Asili ya kifaa hiki si uraibu. Mwaka 1881 Alexander Graham Bell alijaribu kutumia chombo cha namna hii kuitafuta risasi iliyokuwa mwilini mwa Rais James Garfield wa Marekani, asiipate. Katika Vita vya Pili vya Dunia, Józef Kosacki, mhandisi wa Poland, alibuni kigunduzi cha kutegulia mabomu ya ardhini, nacho kilitumika El Alamein mwaka 1942. Amani iliporejea, vifaa vya jinsi hiyo viliingia mikononi mwa raia, na uraibu ukazaliwa.

Uraibu na ushirika wake

Nchi ambako uraibu huu umeota mizizi zaidi ni Uingereza. Huko wasakaji wana vyama vyao. Hukutana, huonyeshana walichokipata, wakongwe huwafunza wageni kusoma maandishi ya sarafu, na mwenye shamba huombwa ruhusa kabla ya mguu kukanyaga. Sheria ya Hazina ya mwaka 1996 humtaka mtu aliyepata hazina kuiarifu mamlaka katika muda wa siku 14. Makumbusho yakiinunua, malipo kwa kawaida hugawanywa kati ya mpataji na mwenye ardhi. Tangu mwaka 1997 umekuwapo pia mpango wa kitaifa wa kuandikisha hata vile vitu vidogo ambavyo sheria haiviiti hazina, na vilivyoandikishwa vimepita milioni moja. Hilo ndilo daftari ninalolizungumzia.

Faida ya daftari hilo ilidhihirika mwezi wa Aprili mwaka 2010 karibu na mji wa Frome. Dave Crisp, mpishi wa hospitali, alisikia mlio shambani, akachimba, akagusa mdomo wa chungu kilichojaa sarafu za Kirumi. Katika saa kama hiyo mkono humwasha mtu! Crisp alisita. Aliufukia mdomo ule, akawaita wanaakiolojia. Chungu kilichimbuliwa tabaka kwa tabaka, na sarafu zilipohesabiwa zilikuwa 52,503.

Kusita huko kulizaa maarifa. Sarafu za Carausius, aliyejitawaza Uingereza kati ya miaka ya 286 na 293, hazikuwa juu kabisa kama ambavyo zingekuwa iwapo chungu kingekuwa kibubu cha kuwekea akiba mwaka baada ya mwaka. Isitoshe, sarafu hizo zilikuwa na uzito wa takriban kilo 160, mzigo ambao chungu chembamba kile kisingehimili kubebwa nao. Basi chungu kilizikwa kwanza, kisha kikajazwa. Wataalamu wakaanza kujiuliza iwapo hiyo ilikuwa akiba ya mtu au sadaka ya jamii nzima. Kama Crisp angezimwaga sarafu zile katika gunia, idadi ingebaki ileile, lakini swali lenyewe lisingezaliwa.

Si kwamba huko hakuna uovu. Wapo wasakaji wa usiku ambao huingia mashamba ya watu na maeneo yanayolindwa, wakachimba na kuuza kwa siri. Kifaa ni kilekile. Kinachowatenganisha na Crisp ni daftari.

Sarafu za mwambao wetu

Turejee nyumbani. Mwambao wa Waswahili ulifua sarafu zake wenyewe karne nyingi kabla ya Mreno kutia nanga. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, vimefukuliwa visarafu vidogo vya fedha. Huko Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 lilipatikana lundo la sarafu za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na chache za dhahabu. Masultani wa Kilwa nao walitoa sarafu za shaba kwa wingi.

Mwanafunzi wa fasihi hana budi kuzipenda sarafu za Kilwa. Upande mmoja huwa na jina la mtawala, kwa mfano Ali bin al-Hasan, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande hizo mbili huoana kwa kina. Mtu aliyekwenda sokoni kununua mtama alikuwa na beti ndogo ya Kiarabu kiganjani mwake.

Sarafu hizi hazina tarehe. Umri wake na kazi yake hujulikana kutokana na mahali zilipolala. Katika magofu ya Songo Mnara, jirani na Kilwa Kisiwani, wanaakiolojia wamepata sarafu za aina hii majumbani, na pia makaburini, ambako inaelekea ziliachwa kama kumbukumbu kwa marehemu. Sarafu ya nyumbani huzungumzia biashara, ile ya kaburini huzungumzia ibada na mapenzi. Zikitiwa katika mfuko mmoja zote huwa bubu.

Mfano wa karibu zaidi nami ni wa Mambrui. Mwaka 2010 wanaakiolojia wa Kenya na China walifukua pale sarafu ya shaba yenye tundu la mraba, ya enzi ya Mfalme Yongle aliyetawala China kati ya 1402 na 1424. Mwaka 2013 ikatangazwa nyingine ya aina hiyo kutoka kisiwa cha Manda. Sarafu za Yongle si adimu. Wakusanyaji huuziana kwa bei nafuu. Thamani ya ile ya Mambrui ni kwamba ilitoka Mambrui, katika tabaka linalojulikana. Nilipoisoma habari hiyo nikiwa shule ya upili, nilivikumbuka vile vipande vyetu vinne, nikanyamaza.

Kuna pia kisa cha mbali kinachotuhusu. Mwaka 1944 mwanajeshi wa Australia, Maurie Isenberg, alikuwa katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi hiyo. Alipokwenda kuvua samaki aliokota sarafu tisa mchangani, akazitia mkebeni. Mwaka 1979 alizitoa zikachunguzwe. Nne zilikuwa za Kampuni ya Uholanzi ya India ya Mashariki, na tano zilikuwa za Kilwa! Namna zilivyovuka bahari hadi huko ingali kitendawili. Hata hivyo, Isenberg alikuwa ametia alama kwenye ramani kuonyesha mahali alipoziokota, na kwa ajili ya alama hiyo msafara wa watafiti ulikwenda huko mwaka 2013. Alama moja ya kalamu ilidumu na manufaa kwa takriban miaka 70. Sisi watoto watatu hatukuwa na hata hiyo.

Sheria na wajibu

Je, yafaa Mkenya anunue kigunduzi aelekee Gede au Takwa? La hasha. Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 haimruhusu mtu kusaka mambo ya kale kwa kuchimba pasipo leseni. Hali kadhalika, anayegundua kitu cha kale kwa bahati anatakiwa kuyaarifu Makumbusho ya Kitaifa katika muda wa siku saba na kueleza mahali hasa alipokipata.

Kwa hivyo anayeokota sarafu baada ya mvua, shambani au kwenye msingi wa nyumba, na azingatie haya. Kwanza, asiendelee kuchimba. Pili, asiisugue kwa mchanga wala ndimu, maana atakwangua maandishi pamoja na kutu. Tatu, aandike mahali, kina, siku na vitu vilivyokuwa kando yake, kama vile vigae au shanga. Nne, apeleke habari kwa makumbusho yaliyo karibu, yawe ya Fort Jesus, Malindi au Lamu.

Uko hata hivyo uraibu usiohitaji jembe wala leseni. Katika vikopo vya nyanya zetu mna senti za kikoloni zenye tundu katikati, na pengine pesa ya Mombasa ya mwaka 1888 yenye picha ya mizani. Kila moja ina neno lake. Pesa yatokana na paisa ya Kihindi, hela ya Watanzania yatokana na heller ya Wajerumani, na thumuni, neno la Kiarabu lenye maana ya sehemu moja ya nane, lilikuja kuwa senti 50 zetu. Leo watu husema hawana hata ndururu, nao hawajapata kuishika senti tano hiyo. Mwanachama wa chama chetu anaweza kuziomba sarafu hizo azione, aulize ziliitwaje na zilinunua nini, kisha aandike majibu.

Hitimisho

Imebainika kuwa kigunduzi husikia metali tu. Hakisikii kaburi, nyumba wala tabaka la udongo. Hayo husikiwa na mtu anayesita, akaandika, akawashirikisha wengine. Likizo iliyopita nilirudi kwenye ule ukingo wa njia. Umeota nyasi, nami sikuchimba. Nilichora ramani, nikatia alama mahali tulipookota vile vipande vinne, nikaandika ninayoyakumbuka, na kuyapeleka makumbusho. Ni daftari lililochelewa, na mali yenyewe haipo. Lakini masika yatarudi, na watoto wengine watapita njia hiyo. Wakiokota cha tano, kiwe na pa kuandikiwa.