Ufunguo Mrefu Si Lazima Uwe Imara

Mpwa wangu anasomea kompyuta huko Kitale. Yeye na mwenzake wa Bungoma wanaunda programu ya rekodi za wakulima wa mahindi: majina, nambari za vitambulisho, simu na malipo. Juzi akanipigia.

"Shikamoo mjomba. Rekodi nimezifunga kwa AES ya biti 256, na ufunguo wake nikaufunga kwa RSA ya biti 1024. Mwizi hapiti."

"Marahaba. Anapita," nikamjibu.

Kosa hili wanalifanya wengi: kudhani biti nyingi ni nguvu nyingi. Biti za ufunguo ni urefu wake tu. Nguvu ni kazi atakayoifanya mwizi hadi auvunje. Nayo hupimwa kwa biti, na kila biti moja ikiongezeka, kazi huwa maradufu.

Kwa AES, hakuna njia ya mkato ya maana inayojulikana. Mwizi hana budi kujaribu ufunguo mmoja mmoja. RSA ni tofauti. Imejengwa juu ya nambari kubwa iliyopatikana kwa kuzidisha nambari tasa mbili. Mwizi anazitafuta hizo mbili tu, na hesabu za kuzitafuta zipo. Mwaka 2020 watafiti waliivunja nambari ya RSA yenye biti 829.

Ndiyo maana taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, huihesabu RSA ya 1024 kuwa na nguvu ya biti 80 tu, ya 2048 biti 112, na ya 3072 biti 128.

Ukificha ufunguo wa sanduku la chuma ndani ya kopo la bati, mwizi atafungua kopo. AES yake ya 256 ilikuwa imebaki na nguvu ya 80.

Maktaba ya OpenSSL, toleo la 3, hukujibu yote mawili: EVP_PKEY_get_bits hutoa urefu, EVP_PKEY_get_security_bits hutoa nguvu. Nikamwambia aulize. Ya kwanza ikatoa 1024, ya pili 80. Kijana akanyamaza.

Sasa wanatumia 3072, na programu yao inakataa ufunguo wowote wenye nguvu iliyo chini ya 112. Nawe unayeandikia programu chama, duka au madrasa, weka ukaguzi huo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakutaka uzilinde habari za watu, na hata isingekuwako, kitambulisho cha mtu ni amana.