Mitungi ya Odundo katika jumba la Walpole: Mambo ya kutazama ukifika Houghton

Ukisikia jumba la kifahari la kale Uingereza, pengine unawaza bibi kizee mwenye kofia akinywa chai huku watumishi wamesimama kando. Hujakosea sana. Lakini hebu sikiza mambo ya Houghton Hall, jimboni Norfolk.

Mwaka wa 2024, katikati ya fanicha zilizotiwa dhahabu, ilisimama mitungi ya udongo ya Magdalene Odundo. Ndiyo, Odundo wetu, aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1950 na kwenda Uingereza 1971 kusomea michoro ya matangazo, kisha udongo ukamteka. Huyu hatumii gurudumu. Huviringa udongo kama kamba, akaupandisha duara juu ya duara, halafu akausugua mpaka ung'ae wenyewe. Ukichomwa kwenye hewa ya kutosha hutoka rangi ya machungwa. Ukirudishwa kwenye moto ulionyimwa hewa, unageuka mweusi tititi. Nyanya yako akiwa mfinyanzi, ataielewa kazi hii kabla ya profesa yeyote.

Sasa lenyewe jumba. Lilijengwa miaka ya 1720 na Sir Robert Walpole, anayehesabiwa kuwa waziri mkuu wa kwanza wa Uingereza. Mzee hakuwa na mchezo. Kijiji kilichokuwa ndani ya uwanja wake kilibomolewa, wenyeji wakahamishiwa nje ya lango, likabaki kanisa tu. (Usiniambie hujawahi kusikia kisa kama hicho huku kwetu.) Ngazi kuu ni ya mahogani. Serikali yake ndiyo iliyoondoa ushuru wa mbao kutoka makoloni mwaka wa 1721, na mahogani ya Jamaica ilikatwa na watumwa. Isitoshe, Walpole alinunua na kuuza hisa za South Sea Company, kampuni iliyosafirisha watumwa.

Ndiyo maana mitungi ya Odundo haikuwa pambo pale. Alishirikiana pia na kiwanda cha Wedgwood kufinyanga kazi kubwa inayogusa historia ya utumwa. Mwanzilishi wa kiwanda hicho, Josiah Wedgwood, ndiye aliyetoa nishani ya mtumwa aliyepiga magoti mwaka wa 1787, ikavaliwa na waliopinga biashara hiyo.

Nje nako, mwaka uo huo, Antony Gormley alisimamisha sanamu 100 za chuma, kila moja kilo 620. Nyingine zilizikwa hadi shingoni. Nzuri kwa picha, sikatai, lakini mimi ningekushauri simu uiweke mfukoni kwanza. Tazama mtungi, kisha ngazi, halafu ujiulize ni mikono ya nani.

Ikiwa unasoma huko, au una binamu London wa kukupa kochi, panda treni King's Cross hadi King's Lynn. Kutoka hapo jumba liko umbali wa karibu kilomita 20. Hufunguliwa msimu wa joto, na kila mwaka huwa na msanii mpya.

Lakini wengi wetu hatuna viza wala nauli, na hapo ndipo roho inauma. Joseph Murumbi, makamu wa rais wa pili wa Kenya, alikuwa na jumba lake Muthaiga lililojaa sanaa za Afrika. Aliliuzia serikali miaka ya 1970 kwa matumaini kwamba litakuwa taasisi ya utafiti wa Afrika. Halikuwa. Liliachwa likaoza, likabomolewa. Walpole aliacha madeni, mjukuu wake akamuuzia malkia Catherine wa Urusi michoro ya familia mwaka wa 1779, lakini jumba angalau lilibaki limesimama.

Sehemu ya mkusanyiko wa Murumbi ingalipo. Iko Nairobi Gallery, jengo la mawe la 1913 lililokuwa ofisi ya mkuu wa mkoa, kando ya Nyayo House. Watu waliita jengo hilo kitovu cha uzazi, ndoa na vifo kwa sababu ndiko yote matatu yalikosajiliwa. Kila siku unalipita ukiwa kwa matatu. Shuka siku moja uingie. Kiingilio cha Mkenya ni nafuu kuliko cha mgeni.