Presha Ikipanda Ghafla, Usiweke Dawa Chini ya Ulimi

Katika nyumba nyingi zenye mgonjwa wa shinikizo la damu hukosi kukuta vidonge vilivyowekwa akiba. Mgonjwa akipimwa ikaonekana 200 kwa 120, ndugu hutoboa kapsuli ya nifedipine na kumdondoshea dawa chini ya ulimi ili presha ishuke upesi. Wanaofanya hivyo wana nia njema, na miaka ya nyuma hata hospitalini tiba ilikuwa hiyo. Lakini jambo hili ni la hatari.

Hatari yenyewe

Presha ikikaa juu kwa miaka mingi, mishipa ya ubongo, moyo na figo huzoea msukumo huo. Ikiporomoshwa kwa dakika chache, damu haifiki huko kwa kiasi cha kutosha. Mgonjwa aliyeingia akitembea anaweza kupata kiharusi. Moyo nao huanza kwenda mbio ili kufidia, wakati wenyewe haupati damu ya kutosha. Mwaka 1996 jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, lilichapisha makala iliyohoji kama matumizi hayo yasisimamishwe, ikitaja wagonjwa waliopata kiharusi, shambulio la moyo, hitilafu katika umeme wa moyo, na hata kufariki.

Ipi ni dharura?

Namba peke yake haitoshi. Presha ya 180 kwa 120 au zaidi ni kali, lakini huwa dharura inapoambatana na dalili kama maumivu ya kifua, kushindwa kupumua, kuchanganyikiwa, kupooza upande mmoja, mdomo kupinda, kutoona vizuri au degedege. Huyo akimbizwe hospitali bila kuchelewa. Mama mjamzito mwenye 160 kwa 110 ni dharura hata kama hajisikii vibaya, kwani anaweza kupata kifafa cha mimba.

Asiye na dalili yoyote akae, atulie, kisha apimwe tena. Ikibaki juu, amuone mganga siku hiyo hiyo. Mara nyingi atapewa dawa za kumeza, na presha itashuka taratibu kwa siku kadhaa.

Hospitalini

Mgonjwa wa dharura hupewa dawa za mshipa, kama labetalol au hydralazine, huku akipimwa mara kwa mara. Kwa wagonjwa wengi presha haitakiwi kushuka zaidi ya robo katika saa ya kwanza. Aliyepata kiharusi cha mshipa kuziba mara nyingi haishushwi mpaka ivuke 220 kwa 120. Kwa hiyo ndugu wasidhani mgonjwa wao amepuuzwa.

Atapimwa pia umeme wa moyo na kiwango cha potasiamu katika damu. Dawa za kukojoza, kama furosemide, hupunguza madini hayo, na yakipungua sana mapigo huvurugika. Tena presha ya muda mrefu hutanua chumba cha juu cha moyo, mapigo yakakosa mpangilio, damu ikaganda humo na kurushwa ubongoni.

Jipime mwenyewe. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba, na uhesabu dakika nzima. Mtu mzima aliyetulia huwa na mapigo 60 hadi 100. Yakiwa hayana mpangilio, nenda ukapimwe. Yakienda mbio pamoja na kizunguzungu au kuzimia, nenda hospitali mara moja.

Kinga

Sababu moja kubwa ya presha kupanda ghafla ni kuacha dawa kwa kuona umepata nafuu. Clonidine, propranolol na atenolol zikiachwa ghafla huweza kupandisha presha na kuuendesha moyo mbio. Mwezi wa Ramadhani usisitishe dawa kwa sababu ya saumu. Muone mganga mapema akupangie dozi za futari na daku. Akikueleza kuwa funga itakudhuru, kumbuka sheria imemruhusu mgonjwa kula.

Ile kapsuli ya akiba itoe kabatini. Badala yake mgonjwa awe na dawa zake za kila siku, azimeze kwa saa zake, na apimwe kila anapotakiwa kurudi kliniki.