Unatafuta vita ya Majimaji, unaletewa mpira!

Juzi dogo wa jirani kanifuata kafe amenuna. Yuko mwaka wa kwanza ualimu, kaandika kazi kuhusu vita ya Majimaji, mwalimu kamrudishia kwa sababu kurasa zote alizotumia hazina hata jina la mwandishi. Kapewa mpaka Ijumaa, la sivyo sifuri. Mimi niliishia kidato cha nne, chuo sijakanyaga, ila na Google tumeshazoeana.

Nikamwambia haya, tafuta nione. Akaandika majimaji. Ikaja timu ya Songea, uwanja, matokeo ya ligi! Na hela ya kafe inakwenda.

Tukaandika majimaji 1905 -fc -ligi -uwanja. Alama ya kutoa ukiibandika kwenye neno bila kuacha nafasi, kurasa zenye neno hilo zinaondolewa. Mpira ukapungua.

Sasa hapa ndipo wengi wanapokwama. Jina lenyewe linaandikwa namna mbili. John Iliffe, katika Journal of African History mwaka 1967, aliandika Maji Maji. Thaddeus Sunseri, jarida hilohilo mwaka 1997, akaandika Majimaji. Ukitafuta namna moja tu unaweza kumkosa mmoja wao. Kwa hiyo weka zote: "maji maji" OR majimaji. Alama za kunukuu zinayashika maneno yakae pamoja, bila hizo unaweza kuletewa hata habari za maji ya bomba. OR iwe herufi kubwa. Halafu ongeza rebellion, maana wasomi wengi wa vita hii wameandika kwa Kiingereza. Ukipenda Kijerumani, weka Aufstand.

Tukahamia scholar.google.com, ambayo ipo tangu 2004 na kazi yake ni kutafuta maandishi ya kitaaluma. Huko unaweza kuandika author:iliffe ukapata kazi zake. Chini ya makala iliyotajwa na wengine kuna "Cited by". Bonyeza hapo, utaona waliomtaja baadaye, yaani makala moja inakufungulia nyingine kibao. Dogo akaisoma ya Sunseri akacheka: njaa na nguruwe pori kule Uzaramo! Yeye shuleni alikaririshwa Kinjikitile na dawa ya maji, basi.

Ukikuta wanadai dola, usifunge ukurasa. Angalia kulia kama kuna [PDF], au bonyeza "All versions", mara nyingine nakala ya bure iko pembeni. JSTOR nayo ukijiandikisha bure inakuruhusu kusoma kwenye kioo makala kadhaa kila mwezi, ila kuzishusha hapana.

Za nyumbani rudi Google ya kawaida, ongeza site:ac.tz filetype:pdf. Inaleta mafaili ya PDF kutoka vyuo vya Tanzania tu, zikiwemo tasnifu. Soma ukurasa wa kwanza kwanza, usije ukaokota notisi za darasani ukadhani ni utafiti.

Saa moja na nusu tukawa na vyanzo vinne. Makala ya Iliffe ni ukurasa wa 495 hadi 512, na dogo hela ya kuprinti hana. Akatoa daftari, akaanza kunakili mambo muhimu kwa mkono, mwenye kafe akiangalia saa.