Pepo Akimpanda Mwenzenu, Mwamuzi Afuate Neno Lipi?

Mwaka 1824 Luteni von Reisswitz wa Prussia alilionyesha jeshi lake mchezo wa vita uliochezwa juu ya ramani, kwa vipande vidogo na dadu, mbele ya mwamuzi. Kanuni zilipozidi kuwa nyingi, Jenerali Verdy du Vernois alishauri mwaka 1876 kwamba mwamuzi aamue kwa ujuzi wake wa vita. Katika ukoo wa michezo hiyo ndimo ulimozaliwa Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Humo kila mchezaji hushika nafasi ya mtu mmoja, na mabishano ya kanuni hayajaisha.

Tuitazame kanuni ya mzuka, kama ilivyo katika kitabu cha Monster Manual cha mwaka 2014. Mzuka aweza kumwingia mtu aliye umbali wa futi 5. Mtu huyo hurusha dadu lenye pande 20, akajumlisha nguvu ya nafsi yake; asipofikia 13, amepagawa. Kanuni yasema kwamba tangu hapo hajiwezi, ingawa fahamu zake anazo, na mwili wake watawaliwa na mzuka.

Hapo ndipo penye fundo. Sura nyingine yasema kwamba asiyejiweza hawezi kutenda jambo. Je, mzuka ataushikishaje upanga mwili usiojiweza? Wasomao herufi kwa herufi husema kwamba mzuka amejifunga mwenyewe. Sisi twaona kwamba usomaji huo waifanya kanuni kuwa bure, kwani utawala usio na kazi haungetajwa. Asiyejiweza ni mwenye mwili. Mgeni aliyemo ajiweza. (Kwetu Uganda tofauti hiyo si ngeni: katika vita vya 1986 na 1987 wafuasi wa Alice Auma walisema kwamba aliyetoa amri ni pepo Lakwena, si Alice.) Hata hivyo mzuka hapati maarifa ya mwenyeji wake. Neno la siri la lindo halijui, na mlinzi mwenye akili aweza kumnasa kwa hilo.

Zito zaidi ni namna ya kumtoa. Akiwa ndani hapigiki. Mapigo yote humwangukia mwenzenu, naye ayatambua. Mzuka hutoka nguvu za mwili huo zikifika 0, au akifukuzwa na kasisi. Wachezaji wenye haraka hukimbilia pinde, wakasahau kwamba apigaye kwa silaha ya mkononi ana hiari ya kumzimisha mtu bila kumwua, na kwamba mshale hauna hiari hiyo. Mwamuzi mwema huwakumbusha kabla dadu halijarushwa.

Aliyeokolewa haingiliki tena na mzuka yuleyule kwa saa 24. Lakini mzuka hutokea palepale, hatua chache tu kutoka mwili alioutoka, na aliyeinama kumwinua majeruhi yu karibu naye kuliko wote.