Saratani ya Mapafu ya Chembe Ndogo na Jinsi Inavyotibiwa

Ndugu wanachama, wengine wenu mmetuuliza khabari za saratani ya mapafu, khasa ile madaktari waiitayo ya chembe ndogo. Tumeona yafaa tuieleze hapa, maana ni maradhi ambayo wiki chache za kungoja zaweza kubadili mambo yote ya mgonjwa.

Saratani ya mapafu si moja. Katika wagonjwa 100 wa saratani hiyo, wenye hii ya chembe ndogo ni kama 15 au pungufu kidogo. Jina limetokana na umbo la chembe zenyewe zikitazamwa kwa darubini. Zamani Waingereza walizifananisha na punje za nafaka yao iitwayo oti. Udogo huo usimdanganye mtu, kwani maradhi haya huenda mbio sana. Wenye mashamba wameona mkarafuu wenye majani mabichi ukipukutika kwa siku chache, kumbe mizizi imekwisha kufa. Ndivyo ilivyo hapa: aghlabu mtu anapoanza kukohoa, maradhi yamekwisha kupita katika damu yakafika ini, mifupa au ubongo.

Kwa sababu hiyo kisu cha mpasuaji si dawa yake ya kawaida, ila kwa wachache waliogunduliwa mapema mno.

Jambo la kwanza daktari atakalo kujua ni kama maradhi yangali upande mmoja wa kifua au yametawanyika. Yakiwa upande mmoja, na hao ni kama theluthi moja ya wagonjwa, shabaha ni kuponya. Mgonjwa hutiwa dawa mbili mshipani, sisiplatini na etoposidi, kila baada ya wiki tatu, kwa kawaida mara nne, na wakati huo huo kifua hupigwa mionzi. Sisiplatini yatokana na madini ya platini: mwaka 1965 Barnett Rosenberg wa Michigan, Marekani, alikuwa akijaribu umeme juu ya vijidudu, akaona vimeacha kugawanyika, na sababu haikuwa umeme bali platini iliyomong'onyoka. Etoposidi nayo asili yake ni mizizi ya mmea wa porini. (Sisi wa mashamba twafurahi kusikia hayo.) Tangu mwaka 2024 imethibitika kuwa dawa ya tatu, durvalumabu, ikifuatishwa baada ya hizo, huzidisha maisha: nusu ya waliopewa waliishi kupita miezi 55, na nusu ya wasiopewa walipita miezi 33 tu.

Yakiwa yametawanyika, shabaha ni kurefusha maisha na kupunguza mateso. Dawa zile mbili huyeyusha uvimbe upesi, hata mgonjwa akadhani amepona. Lakini mara nyingi hurudi baada ya miezi michache. Mwaka 2018 ilionekana kuwa atezolizumabu ikiongezwa juu yake, miezi 10 hufika 12. Dawa hizi mpya ni ghali mno. Zile mbili za zamani zimo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani, nazo ndizo msingi, basi asikate tamaa mtu kwa kukosa hizo mpya.

Sasa tumbako. Karibu wote wapatwao na maradhi haya ni wavutaji, au waliokuwa wavutaji. Na hapa wakulima wa karafuu tuna jambo letu. Kwa miaka mingi Indonesia ilinunua karafuu za Unguja na Pemba ili izisage ndani ya sigara zake ziitwazo kretek. Wako wasemao karafuu hupoza sigara ikawa haina madhara. Si kweli. Mafuta ya karafuu hufisha ganzi koo, moshi ukavutwa ndani zaidi, na tumbako ni ile ile. Marekani ilizipiga marufuku sigara hizo mwaka 2009. Twasema haya tukijua vema kuwa fedha yake iliingia mifukoni mwetu.

Kikohozi kikizidi wiki mbili, nenda ukapimwe. Huku kwetu kwanza watadhani kifua kikuu, na ni haki yao. Lakini makohozi yakionekana safi, au dawa ya kifua kikuu isifae kitu, omba picha ya kifua, wala usione haya kuomba tena. Damu katika makohozi, kukonda, sauti kukauka, yote yapasa kuangaliwa. Uso na shingo vikivimba na mishipa kutokeza, usingoje kesho. Wala usingoje karafuu zishe kuchumwa na kuanikwa; majamvi yana watu wengine wa kuyaangalia.

Mionzi hutolewa katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Safari huanzia Mnazi Mmoja, au Abdulla Mzee kwa walio Pemba. Chukua picha zako na vyeti vyote, na mtu wa kukusindikiza, kwani dawa huchosha na kutapisha. Anayevuta aache hata kama amekwisha kuugua, matibabu yatamfaa zaidi. Na homa ikimshika mgonjwa baada ya kutiwa dawa, arudishwe hospitali siku ile ile, hata usiku, maana dawa hupunguza chembe nyeupe za damu, na homa ndogo yaweza kumwua.