Imani ya Dini Hujengaje Maisha ya Mtu?

Mtahiniwa, ukiulizwa faida za imani ya dini kwa mtu binafsi, usiandike "huleta amani" na "huleta upendo" ukaishia hapo. Hizo ni hoja tupu. Msahihishaji anataka uoneshe imani inafanyaje kazi hiyo.

Anza kwa kutofautisha dini na imani binafsi. Dini waweza kuirithi kwa wazazi kama unavyorithi jina la ukoo. Imani binafsi ni ile uliyoikubali mwenyewe, ikuongoze hata usipoonekana na mtu. Chukua mfano wa mtaa wa Soweto, mjini Moshi, ambako Waislamu na Wakristo ni majirani. Ni Ramadhani, saa tisa alasiri. Mwanafunzi aliyefunga anarudi kutoka shule, koo limemkauka. Nyumbani hakuna mtu, na maji yamo ndooni. Hanywi. Hakuna mwalimu wa zamu wala mzazi anayemchunga. Kwa siku 29 au 30 anaizoeza nafsi yake kusubiri, na mazoea hayo hayo ndiyo anayoyahitaji anapokaa na kitabu cha Hisabati huku wenzake wakicheza mpira nje. Jirani yake Mkristo anayefunga Kwaresima anajifunza somo hilo hilo.

Imani pia humtoa mtu kwenye shida zake akaziona za wenzake. Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa Moshi mwaka 1971, ilianzishwa na shirika la makanisa lililojiita kwa jina la Msamaria Mwema, yule wa kwenye Injili aliyemhudumia majeruhi asiyemjua.

Ukitaka mfano wa mtu mmoja, mtumie Mwalimu Nyerere. Baba yake, Mtemi Burito wa Wazanaki, hakuwa Mkristo. Nyerere alibatizwa mwaka 1943 akiwa na umri wa miaka 21, kwa uamuzi wake. Mwaka 1970, akiwa Rais, aliwaambia masista wa Maryknoll huko New York kwamba Kanisa lisiposhiriki kupambana na umaskini na dhuluma litapoteza maana kwa watu. Lakini angalia usivuke mpaka: serikali aliyoiongoza haikuwa na dini, na ukiandika kwamba siasa zake zote zilitoka kanisani utakuwa umekosea.

Kuna jambo ambalo watahiniwa wengi hawaligusi, nalo linakuhusu wewe moja kwa moja. Umefeli mtihani wa majaribio. Usiku wa kuamkia mtihani wa Taifa rafiki anakuletea karatasi, anasema pepa limevuja, lete elfu kumi. Nyumbani wameuza mbuzi ili ulipiwe mahitaji ya shule. Hapo ndipo imani hupimwa, kwa sababu hofu yako ni ya kweli na hakuna atakayejua. Anayeamini kwamba thamani yake haitokani na daraja la cheti anaweza kuirudisha karatasi hiyo na kulala. Anayesali tu ili afaulu ataona karatasi hiyo ndiyo jibu la sala yake!

Usiache pia kutaja upande wa pili. Kukesha kwenye maombi wiki nzima bila kufungua daftari ni uvivu uliovishwa kanzu, na katika jibu lako mfano huo utaonesha kuwa umefikiri.

Zoezi: "Mtu anaweza kuwa na dini bila kuwa na imani." Jadili kwa mifano miwili kutoka mtaani kwako.